Mlinzi Aliyewekwa Ndani ya Jeraha

Mwezi huu nataka tulifikiri neno ambalo kwa kulitazama mara ya kwanza laonekana kuwa la madaktari peke yao, walakini likichunguzwa ni letu sote. Mtu akiisha kupasuliwa hospitalini na kushonwa, kazi ya kisu imekwisha, lakini kazi ya mwili ndiyo kwanza inaanza. Ni nani ajuaye jinsi kazi hiyo inavyokwenda? Juu twaona uzi na ngozi. Chini yake hatuoni kitu. Siku hizi wataalamu wa nchi mbalimbali wanatengeneza vyombo vidogo sana vya kuhisi, huitwa vihisi, vinavyotiwa ndani ya nyama wakati wa upasuaji ili vikae humo na kutoa habari: hapa pana joto, hapa panavuja, hapa damu haipiti tena. Sikusudii kuuliza kama vyombo hivyo ni vizuri au vibaya. Nauliza hivi: mtu akiisha kupata habari ya jeraha la mwenzake, habari hiyo yamtia katika wajibu gani? Na kama hawezi kuutimiza wajibu huo, je, ilikuwa haki kuitafuta?

Kwanza yafaa tujue kidogo jinsi nyama inavyopona. Mara baada ya kukatwa, damu huganda na kuuziba mlango. Siku zifuatazo mahali pale huvimba na kuwa na joto, wala si jambo baya lote. Ni askari wa mwili wanaokuja kusafisha. Kisha nyama mpya huanza kuota, nyekundu, laini, yenye vijishipa vingi vya damu. Mwisho kovu hujengwa, nalo huendelea kukazwa kwa miezi mingi, hata mwaka mzima, mtu akiwa amekwisha kulisahau. Ugumu wake ni kwamba mwanzoni dalili za kupona na dalili za kuharibika zafanana. Joto ni la zote mbili, na uvimbe ni wa zote mbili. Hata daktari mzoefu aweza kusitasita siku ya tatu. Na mambo ya ndani kabisa, kama vile utumbo ulioshonwa ukianza kuvuja, huenda yasitokeze juu mpaka mgonjwa amekwisha kulegea.

Katika Ziwa letu tunao mfano wa zamani wa mambo hayo ya ndani. Mwezi wa Machi 1858 Mwingereza John Hanning Speke alikuwa akivuka Tanganyika kwa mtumbwi kutoka Ujiji, akienda kutafuta jahazi. Usiku mmoja kisiwani, baada ya dhoruba, mdudu mdogo mweusi alimwingia sikioni, akaanza kuchimba kuelekea ndani. Speke akamwaga siagi iliyoyeyushwa, haikufaa. Akachukua kisu kidogo, akachokora. Mdudu akafa, lakini sikio likajeruhiwa kuliko lilivyokuwa. Pakatunga usaha, uso ukavimba na kupinda upande, majipu yakashuka mpaka begani, naye kwa siku kadhaa hakuweza kutafuna, akaishi kwa mchuzi. Alikuwa kiziwi wa sikio lile siku nyingi, na alipopenga kamasi sikio lilitoa mluzi, kwa sababu palikuwa pametoboka tundu baina ya sikio na pua. Miezi sita au saba baadaye vipande vya mdudu yule vilikuwa vikitoka pamoja na nta ya sikio. Kwa nje mtu angaliweza kusema amepona. Wengine wamecheka wakisoma habari hii. Mimi sioni la kuchekesha.

Basi wazo la kuweka mlinzi mahali pale ambapo jicho halifiki lilianza zamani kidogo. Mwaka 1988 daktari Swartz na wenzake walieleza chombo kinachofungwa kwenye mshipa wa damu wa nyama iliyohamishwa kutoka sehemu moja ya mwili kwenda nyingine. Nyama ya namna hiyo ikikosa damu hufa kwa muda wa saa chache, na kukawia kuitambua ni kuipoteza. Chombo kile kina waya mwembamba utokao nje, na sauti yake huwaeleza wauguzi kama damu ingali inapita. Baada ya siku kadhaa waya huvutwa ukatoka. Hicho kimetumika kwa wanadamu. Vya siku hizi vimeendelea zaidi. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walionyesha nyuzi za kushonea zipimazo zenyewe joto, mkazo, asidi na sukari katika nyama. Mwaka 2018 wenzao wa Stanford walieleza kihisi cha kupima mvuto na mgandamizo wa kano zinazopona, kilichofanyizwa kwa vitu ambavyo mwili wenyewe huviyeyusha. Mwaka 2021 watu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walionyesha uzi wa kushonea usio na betri wala waya wa kutoka nje, usomwao kwa mashine iliyo nje ya mwili hata ukiwa sentimita 5 chini ya ngozi. Waliujaribu kwa nguruwe. Na mwaka 2024 wale wa Northwestern, Marekani tena, walieleza vijiduara laini vinavyobadilika umbo vikiguswa na asidi ya tumbo au maji ya utumbo yanayovuja. Mashine ya kuvitazama ni ultrasaundi, ile ile ambayo akina mama wajawazito wameizoea, kisha vyenyewe huyeyuka bila kuhitaji kupasuliwa mara ya pili.

Hivi vya majuzi havijawa vyombo vya kila hospitali. Kazi yake kubwa imekuwa ya majaribio kwa panya na nguruwe. Tena mwili haumpendi mgeni. Chochote kinachowekwa ndani huzungukwa na ukuta wa kovu, na ukuta huo waweza kukiziba kihisi kisisikie vema kile ilichotumwa kusikiliza. Ndiyo maana wataalamu wanataka viyeyuke upesi. Lakini mambo haya ya ufundi nayaacha kwao.

Sasa tutoke maabara twende pwani ya Ziwa. Kuanzia mwaka 2006, kwa fedha za Bloomberg Philanthropies za Marekani pamoja na Serikali yetu, vituo kadhaa vya afya katika mkoa wa Kigoma vilitengenezewa vyumba vya upasuaji, na matabibu wasio madaktari kamili wakafundishwa kuwapasua akina mama walioshindwa kujifungua. Hapo zamani mama wa namna hiyo alipaswa kufikishwa hospitali kubwa, na wengi hawakufika. Lilikuwa jambo jema kubwa, wala simjui mtu mwenye akili anayelilaumu. Lakini kila tumbo lililoshonwa kituoni ni jeraha litakalorudi nyumbani, na njia ya nyumbani katika nchi yetu si moja.

Mfikirie mama wa kijiji kimoja cha kusini, huko kuelekea milima ya Mahale na mbele yake, ambako kwa vijiji vingi njia iliyozoelewa ni maji. Amepasuliwa, amekaa siku chache, ameruhusiwa. Amepanda boti la mashine pamoja na magunia na mapipa, mtoto kifuani, ameketi juu ya ubao unaopiga kila wimbi. Miezi ya kiangazi upepo wa kusi ukivuma, boti hukawia au haliondoki kabisa. Afika nyumbani, apokewa kwa vigelegele. Siku ya sita jeraha linauma kwa namna nyingine kuliko lilivyouma jana. Je, arudi? Boti ni lini? Nauli ni ya nani? Watoto wengine wakae na nani? Mtu wa mjini Kigoma akizidiwa usiku atapakiwa kwenye pikipiki mpaka Maweni. Mama huyu lazima angoje alfajiri, na alfajiri nayo ingoje upepo. Kwa ajili hiyo nasema kwamba habari inayotangulia siku moja ina thamani kubwa kwetu kuliko kwa watu wa London. Kwao siku moja ni kupunguza maumivu. Kwetu yaweza kuwa ndiyo siku yenyewe ya safari. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2018, wa wagonjwa 12,539 waliopasuliwa tumbo na utumbo katika nchi 66, uliona kwamba katika nchi zilizoendelea sana majeraha yaliyoingiwa na usaha ni 9.4 kwa mia, na katika nchi za chini 23.2 kwa mia. Wanaohitaji mlinzi zaidi ni hao wa pili.

Kuna sababu nyingine inayonivuta upande wa vyombo hivi, na sababu hii ni ya desturi zetu. Sisi twamsifu mgonjwa avumiliaye. Mwanamke aliyezaa kwa kisu, hasa kama ni mkewe wa kwanza kijana na yuko katika nyumba ya mama mkwe, huona haya kusema kila siku kwamba anaumwa. Ataitwa mvivu, ataambiwa kwamba wenzake walizaa wakaenda shamba. Huficha homa. Huchota maji kwa mkono mmoja. Nimewazuru wengi wa namna hiyo, na jibu ni lile lile, “Sijambo, Mchungaji.” Tukisema kwamba maumivu ni mlinzi wa kutosha aliyewekwa na maumbile, tumesahau kwamba mlinzi huyo hupigwa kofi ili anyamaze, na wakati mwingine sisi wenyewe ndio tunaompiga. Kihisi hakina haya wala hakimwogopi mama mkwe.

Hata hivyo sikimbilii kusema, Na vije kesho. Kuna jambo linalonizuia, nami nataka kulieleza kwa utaratibu.

Mwaka 2018 ilitolewa taarifa ya wagonjwa 11,422 waliopasuliwa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Ilionekana kwamba waliokufa walikuwa kama mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wenyewe walikuwa vijana zaidi. Na katika waliokufa, zaidi ya tisa katika kila kumi walikufa baada ya siku ya upasuaji, yaani si chini ya kisu bali kitandani, katika siku zile za kungoja. Wataalamu wale wale wakasema: Basi tulinde zaidi. Wakafanya jaribio kubwa, lililotangazwa mwaka 2021, katika hospitali 332 za nchi 28, wagonjwa karibu 29,000. Nusu ya hospitali ziliendelea kama zilivyozoea. Nusu nyingine ziliwatafuta wagonjwa walio katika hatari zaidi, zikawalaza karibu na wauguzi, zikawapima mara nyingi zaidi, zikaruhusu ndugu wakae kitandani. Matokeo: upande wa ulinzi ulioongezwa walikufa 1.3 kwa mia, upande wa kawaida 1.2 kwa mia. Yaani hapakuwa na faida iliyoonekana.

Nilipoisoma habari hii niliirudia mara mbili. Haithibitishi kwamba kulinda hakufai kitu. Kusema hivyo ni kuruka mbali. Lakini yatuonyesha kwamba kati ya kuona na kuponya pana daraja, na daraja hilo halijengwi kwa kuona zaidi. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi, akiambiwa kwamba watatu wamezidiwa, bado ana mikono miwili. Dawa isiyokuwapo kabatini haitoki kwa sababu joto limeandikwa mara nne badala ya mara moja.

Nchi hii ya Ziwa imekwisha kuliona neno hilo kwa namna ya kutisha. Mwaka 1870 David Livingstone alizuiliwa Bambarre, katika Manyema, ng'ambo ya magharibi ya Tanganyika, siku zipatazo themanini, kwa sababu ya vidonda vya miguu vilivyokula nyama. Akikanyaga chini, maji ya damu yalitoka; usiku maumivu yalizidi. Alijaribu dawa nyingi, mwisho akasaga jiwe la kijani lenye shaba, akalichanganya na maji na kulipaka kwa unyoya, ndipo akaona nafuu. Mwaka uliofuata alirudi Ujiji. Lakini alipoandika habari ya vidonda vile hakujitaja nafsi yake tu. Aliandika kwamba watumwa nao walikuwa na vidonda hivyo hivyo, na kwamba kilio chao kilikuwa mojawapo ya sauti za usiku katika kambi za watumwa.

Tulifikiri jambo hilo. Katika kambi ile habari haikukosekana. Kila jeraha lilitangaza hali yake kila usiku, kwa sauti, bila uzi wala mashine, na wenye watumwa wakaisikia wakiwa wamelala. Nao wakaizoea, kama sisi tuliao pwani tunavyozoea mawimbi. Hata wale wawili waliopita katika njia ya Yeriko walimwona yule aliyejeruhiwa. Nami naogopa mambo mawili: kwamba chombo kikilia kila siku pasipo mtu wa kuja, watu watakizoea, na tena kwamba mgonjwa mwenyewe atajua kwamba amesikiwa na ameachwa. Hapo zamani angaliweza kusema moyoni, “Hawajui.” Faraja hiyo, ingawa ni ndogo, itakuwa imeondolewa.

Labda mwenzangu atanijibu: “Kujua ni bora kuliko kutojua siku zote, hata kama msaada haupo, jamaa watajiandaa.” Nakubali sehemu. Asiyejua ana udhuru, na ajuaye hana. Lakini mtu akikataa kujua kusudi abaki na udhuru wake, huyo amefanya vibaya kuliko aliyejua akashindwa. Kwa hiyo sisemi vihisi vizuiliwe mpaka hospitali zetu zote ziwe kama za Ulaya. Kwa shauri hilo tungalikataa hata vyumba vya upasuaji vya vijijini, na akina mama wangalikufa. Nasema kwamba anayeweka mlinzi ndani ya mwili wa mtu amejifunga. Amekopa. Kama ni serikali, kama ni shirika, kama ni hospitali ya misheni, gharama ya kihisi isihesabiwe peke yake. Ihesabiwe pamoja na mafuta ya boti, kitanda, dawa, na mtu mwenye jina lake atakayeitwa usiku. Wafadhili hupenda sana kununua chombo, maana chombo hupigwa picha. Petroli haipigwi picha.

Jirani zetu wa Rwanda wamejaribu njia ambayo mimi naipenda zaidi, ingawa haina kitu chochote cha kutia ndani ya nyama. Katika wilaya ya Kirehe, ambako uchunguzi wa mwaka 2017 uliona kwamba karibu mmoja katika kila kumi wa akina mama waliojifungua kwa kisu aliingiwa na usaha katika jeraha, wahudumu wa afya wa vijiji walifundishwa kwenda nyumbani kwa mama akiisha kurudi, kama siku ya kumi, kumwuliza maswali machache yaliyopangwa, na kulipiga jeraha picha kwa simu ili waliofundishwa zaidi walitazame. Angalieni mpango huo ulivyo. Chombo kimo, lakini kimo mkononi mwa mtu aliyekwisha kufika mlangoni. Yule mhudumu akiona jambo baya, tayari yuko pale. Aweza kubishana na mama mkwe, aweza kutafuta wa kumbeba. Siku moja uzi wenye kihisi ukifika huku, ungefaa uingizwe katika mpango wa namna hiyo, si mahali pake.

Jambo moja limesalia, nalo nalipitia upesi. Habari itokayo ndani ya mwili wangu ni ya nani? Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika mwaka 2023, nayo yazihesabu habari za afya kuwa miongoni mwa zile za kulindwa zaidi. Vema. Lakini sheria hulinda anayejua kudai. Mgonjwa aliyelazwa, anayeogopa, anayeambiwa “tutaweka kitu kidogo cha kutusaidia,” atasema ndiyo kwa kila kitu. Ridhaa ya namna hiyo ni nyembamba. Aelezwe kwa lugha yake, Kiha ikiwa ndiyo aijuayo, siku moja kabla ya kisu, tena mbele ya ndugu aliyemchagua yeye. Na akikataa atibiwe vile vile kama aliyekubali.

Waalimu wa mitaa ya pwani wataniuliza tufanye nini sisi, maana hatuna maabara. Katika kila kijiji mama akirudi na jeraha, watu watatu wajulikane mapema: mwanamke mmoja wa kumtazama jeraha siku ya tatu, ya saba na ya kumi, akiwa amefundishwa na muuguzi wa kituo dalili za hatari, mwenye boti mmoja aliyekubali kuondoka bila kungoja abiria wajae, na mtunza fedha wa mafuta, ambaye kisanduku chake hakifunguliwi kwa jambo jingine. Majina hayo yabandikwe mlangoni mwa zahanati, pamoja na namba ya simu ya kituo. Palipo na mitaa miwili katika kijiji kimoja, au misikiti na makanisa pamoja, orodha iwe moja tu.